Nusu Kijiko kwa Kila Chupa

Tumtendee haki Fundi Bomba: hakuwa na nia mbaya. Kwa miaka thelathini alizibua mabomba ya watu bila kuvunja hata kigae cha mtu, na alipostaafu akajitafutia kazi ya kupika bia yake mwenyewe nyumbani. Alipika ndoo moja kubwa kila baada ya wiki kadhaa, ikatoa chupa sitini za kunywa yeye na mkewe, na jirani mmoja wawili wanaojua kuomba vizuri.

Siku ya kupika ilikuwa starehe. Siku ya kujaza chupa ilikuwa adhabu. Kila chupa ilitakiwa ipate nusu kijiko cha sukari kabla ya kumiminiwa bia, kwa sababu hamira iliyobaki huila sukari hiyo ikatoa gesi, na gesi ndiyo inayoleta povu. Sukari ikipungua, bia inalala kama maji ya mtungi. Ikizidi, chupa inapasuka. Kazi ya kijiko ilikuwa ya mkewe tangu ndoo ya kwanza. Mkewe alikuwa fundi cherehani, mwanamke wa kutunga uzi kwenye sindano huku anakukaripia, na mkono wake wa kulia ulikuwa haujui kukosea.

Kisha mkono ukaanza kutetemeka. Daktari alitaja ugonjwa wenye jina refu, akatoa vidonge, na mkono ukaendelea na mambo yake. Wateja wakahamia kwa mafundi wengine, mmoja mmoja, kwa adabu zote. Cherehani ikafunikwa shuka. Miaka miwili sasa mwanamke yule alikuwa akishinda kitandani ameelekea ukutani, na ukimuuliza jambo anajibu "sijui" hata kwa kitu anachokijua fika. Kilichobaki cha kumwinua ni kile kijiko. Lakini ukikaa kukitazama! Sukari ilimwagika mezani, ikamwagika sakafuni, chupa moja ikachukua dakika tatu, na Fundi amesimama kando na mpira wa kumiminia bia mkononi anasema, "Taratibu tu, mama watoto, hatuna haraka," huku meno yamebanana.

Ndipo akapata wazo la kurahisisha mambo. Sukari yote angeichemsha na maji kidogo, akaimimina ndoo nzima mara moja, akakoroga polepole, basi. Hakuna kijiko. Kwenye ncha ya mpira alifunga koki ndogo aliyoitengeneza kwa vipande vya mabomba; ukiigandamiza kwenye kitako cha chupa inafunguka, ukiinyanyua inafunga. Kazi ya nusu siku ingekwisha kwa saa moja. Kilichomshinda ni kumwambia mkewe. Alijaribu mara mbili mezani na mara zote mbili akaishia kuomba chumvi.

Kwa hiyo akafanya kiwoga. Alipanga na shemeji yake, dada wa mkewe, amwite dada yake nyumbani kwake asubuhi ya siku ile kwa kisingizio cha kuchagua mapazia. Akanunua pakiti mpya ya sukari, ili kopo la jikoni lisipungue likamsema. Asubuhi mkewe alipoondoka, Fundi aliingia stoo akakuta chupa zote sitini, alizoziosha jana na kuziacha zimepinduliwa, zimesimamishwa vizuri na kufunikwa kitambaa safi. Akamshukuru mkewe moyoni. Zilikuwa chupa za kahawia iliyokolea, na hakuchungulia hata moja.

Akachemsha sukari yake, akaimimina ndooni, akakoroga. Alipoanza kujaza, bia ilitoa povu jingi kuliko kawaida. Akailaumu koki yake mpya, akaikaza, akaendelea. Kufikia saa nne na nusu chupa zote zilikuwa zimebanwa vifuniko, naye anapiga mluzi.

Mkewe alirudi alasiri. Hakuvua hata viatu. Alikwenda moja kwa moja mpaka stoo, akazitazama zile chupa, akageuka na uso ambao Fundi alikuwa hajauona kwa miaka miwili.

"Umeionaje kazi yangu?"

"Kazi gani?"

"Sukari, baba watoto! Nilijua ningekuwa kwa dada, nikasema sitakuachia peke yako. Nimeamka saa kumi alfajiri. Nimeegemeza kiwiko mezani hivi, mkono wa kushoto unashika kifundo cha huu, na kijifaneli mdomoni mwa chupa. Zote sitini. Na chembe haikumwagika. Nenda kaangalie sakafu kama utaona chembe."

Fundi Bomba akapiga hesabu. Sukari chupani, na sukari ndooni.

Hapo ndipo mwenye akili angesema ukweli. Fundi alifungua mdomo, akaona ule uso, akasema, "Nimeona. Hongera sana, mama watoto."

Siku ya pili mkewe aliamka mapema akafunua cherehani. Siku ya tatu alijaribu kutunga uzi, akashindwa, akajaribu tena kwa ule ule ujanja wa kiwiko, uzi ukapita. Alicheka peke yake kwa sauti. Alimwambia jirani, akamwambia muuza maziwa, akampigia simu dada yake: mkono bado upo, ulikuwa unataka kuegemezwa tu. Akaanza foronya. Kila mshono alioushona ulikuwa msumari kwa mumewe, maana ule moyo wote ulikuwa umesimama juu ya chupa sitini zinazovimba ndani kwa ndani, upande wa pili wa ukuta wa jikoni.

Fundi hakukaa bure. Kila mkewe alipokwenda kuoga, alikimbilia stoo na kifungulio, akalegeza kifuniko kidogo, gesi ikatoka kwa mlio wa kutisha, akakibana tena. Lakini mkewe alikuwa mwepesi wa kuoga. Kwa siku tatu aliziwahi chupa kumi na tisa. Zilizobaki alizifunika mablanketi mawili na godoro kuukuu, akafunga mlango wa stoo.

"Usiingie humo," alimwambia mkewe. "Kuna panya. Nimeweka sumu."

"Panya wametoka wapi nyumba hii?"

"Panya hawaagi wanakotoka."

Joto likazidi. Hakula akashiba. Akisikia kijiko kimeanguka jikoni, moyo unamlipuka. Mara mbili alikwenda mpaka mlango wa chumba cha cherehani akiwa amepiga moyo konde kusema yote, na mara mbili alimkuta mkewe anaimba, akarudi.

Siku ya sita, mchana, ya kwanza ikapasuka.

Ilikuwa kishindo cha kutikisa vyombo kabatini. Fundi alipofika, mkewe alikuwa tayari amefungua mlango. Godoro limechanika, bia inatiririka sakafuni, kipande cha kioo kimejikita kwenye ubao wa rafu, usawa wa macho ya mtu aliyesimama. Mkewe alikitazama kile kioo. Alikuwa ameshika kile kijiko miaka ya kutosha, hakuhitaji kuelezwa.

"Sukari imezidi," alisema.

Fundi akalivuta godoro kufunika chupa zilizobaki.

"Nimetia mara mbili. Nilifika mwisho nikaanza upya bila kujua." Sauti yake ilikuwa imerudi kuwa ile ya kitandani. "Basi. Nilidhani ni mkono tu. Kumbe na kichwa nacho kimekwenda. Cherehani tafuta mtu, umpe."

Aligeuka kwenda chumbani, na Fundi alijua vizuri anakwenda kulala ameelekea wapi. Akamshika bega, akamvuta mpaka jikoni, mbali na zile chupa, akafunga mlango wa stoo.

"Ni mimi," alisema. "Mara ya pili ni mimi. Nilitia sukari ndooni. Wewe hukukosea hata chupa moja."

Mkewe alisimama. Ilimchukua muda kuyapanga: dada yake, mapazia, panya, sukari ya ndooni.

"Kwa hiyo mkono wangu ulikuwa sawa."

"Ulikuwa sawa."

"Na kichwa changu."

"Sawa kabisa."

"Na wewe ulinipeleka kwa dada yangu kama mtoto, ili nisiguse." Alimtazama machoni. "Sasa niambie, na usinidanganye tena. Ulinihurumia, au ulichoka kunisubiri?"

Jibu zuri lilikuwepo, na Fundi alikuwa nalo tayari ulimini. Alilimeza. Aliona aibu mpaka miguuni, na alikuwa na hakika kwamba akisema ule ukweli, amempoteza.

"Nilichoka," alisema. "Kila ukishika kijiko natamani nikunyang'anye. Nakwambia taratibu, na moyoni napiga kelele."

Mkewe akamsogelea.

"Afadhali," alisema. "Mtu aliyenichoka naweza kugombana naye. Anayenihurumia nitamfanya nini?"

Na akaanza. Alianzia siku ile ya hospitali, Fundi alipozungumza na daktari kana kwamba mwenye mkono hayupo chumbani. Akapitia vifungo vya gauni alivyofungiwa bila kuomba, akapitia nyama aliyokatiwa sahanini mbele ya wageni, akapitia kila "taratibu tu, mama watoto" ya miaka miwili, na kila alipofika kwenye jambo jipya sauti ilipanda. Mkono ulitetemeka hewani na hakuuficha. Fundi alijibu kwa unyonge mwanzoni, kisha naye akapandisha, akasema wewe je, uliyelala miaka miwili ukaniachia ukuta nizungumze nao! Jirani akapunguza redio yake asikie vizuri.

Nyuma ya mlango wa stoo chupa ya pili ikapasuka. Fundi akaruka, akashika kitasa.

"Iache," alisema mkewe. "Sijamaliza."