Kifaa cha Njia na Lango la Denzil

Tangu Aprili Royston alikuwa anachagua kifaa cha kuonyesha njia, na hadi Julai inaingia Morwenna alikuwa ameshachoka naye, amechoka hadi kwenye kope.

Kifaa chenyewe ni hivi vya kubandika kwenye kioo cha gari, vya watu wanaokokota karavani. Unakiambia nyumba yako ya magurudumu ina urefu gani, upana gani, uzito gani, nacho kinakupitisha barabara zinazokutosha. Basi. Watu wanaingia dukani, wanalipa, wanatoka. Lakini Royston, jamani! Huyu huyu aliyekwenda peke yake mwezi Machi kwenye maonyesho akarudi amenunua karavani nzima, eti nafasi kama ile haitarudi, kwenye kitu cha kuenea kiganjani anajivuta kama mtu anayepelekwa kwa daktari wa meno.

Na muda haukuwepo. Denzil, kaka yake Morwenna, alikuwa ameliuza shamba la wazazi wao kule Cornwall, pembe ya kusini-magharibi ya Uingereza, na mwisho wa Julai angekabidhi funguo. Kila kiangazi tangu waoane, Morwenna na Royston waliikokota karavani kutoka kwao Kettering hadi shambani, wakaipitisha kwenye lango la nguzo mbili za mawe, wakaiegesha chini ya mitufaa nyuma ya nyumba aliyozaliwa. Asubuhi anafungua dirisha, anasikia njiwa wa baba yake. Alikuwa anaitaka wiki moja tu ya mwisho ya namna ile. Hakutaka kingine mwaka huo. Sasa barabara waliyoizoea ilikuwa imefungwa, daraja linajengwa upya, na kule ukiiacha barabara unayoijua unatumbukia kwenye vichochoro vya kuta na vichaka ambamo hata kondoo wawili wanapishana kwa kuombana radhi.

Karavani mpya ilipokuja, alikuwa ameuliza swali moja tu.

"Upana wake? Ile ya zamani ilikuwa inapita lango la Denzil kwa vidole viwili kila upande. Isizidi futi saba na nusu, Royston."

"Ni ule ule, mpenzi. Upana ule ule."

"Mbona ndani kubwa hivi? Kitanda unakizunguka!"

"Rangi nyeupe hiyo. Inadanganya macho."

Karavani ikaenda kulala kwenye uwanja wa kutunzia nje ya mji, pamoja na za wenzao wa klabu ya karavani, na Morwenna hakuifikiria tena.

Dukani sasa. Dada muuzaji alikuwa na subira ya malaika, akawapangia vifaa vinne mezani.

"Hiki wateja wanakipenda sana," alisema. "Tukijaribu? Nitajie vipimo vya karavani yenu. Upana?"

"Kioo chake kidogo," Royston akadakia. "Macho yangu haya ya uzee hayataona kitu."

"Kipo kikubwa, hiki hapa. Tukianza na upana—"

"Hicho kitaniziba barabara yote!"

Dada akavuta cha tatu. Kikazungumza. Royston akakunja uso.

"Sauti kama ya mama mkwe."

"Mama yangu alipokufa ulilia kuliko mimi," Morwenna alimwambia. "Chagua kifaa, Royston."

"Sauti zinabadilishwa, mzee," dada alisema kwa upole. "Mkishaingiza upana na urefu mnachagua mnayoitaka."

"Tutalifikiria," Royston akasema, na huyoo, mlangoni, funguo za gari mkononi.

Morwenna alimfuata mbio huku damu inamchemka. Hilo lilikuwa duka la tano. Kwenye la kwanza kishikilio kilikuwa dhaifu. Kwenye la pili ramani za Ureno zilikuwa pungufu. Ureno! Watu wanakwenda Cornwall!

"Unanipiga danadana," alimwambia ndani ya gari.

"Kitu cha gharama hakichaguliwi kwa pupa."

"Kwa pupa? Tangu Aprili? Huyo Denzil atakuwa ameshahama, amesahau na njia ya kwake, wewe bado unapima sauti za mama wakwe! Kama hutaki kwenda, sema. Sema tu, nijue moja."

"Nani kasema sitaki?" Royston alijibu, akawasha redio.

Kesho yake Morwenna alirudi peke yake, akanunua kile cha pili, kikubwa. Asubuhi iliyofuata akakiweka katikati ya meza, kati ya buli la chai na chupa ya jemu ya machungwa, akavaa miwani.

"Haya. Mambo yamekwisha. Urefu nimeshauweka, ule ulionitajia. Upana, futi saba na nusu. Ndiyo?"

Royston alikuwa na mkate mdomoni. Akatafuna. Akamtazama mkewe akibonyeza saba, akabonyeza nusu. Akatafuna tena.

"Mm," akasema.

Morwenna akadhani amenuna kwa kunyang'anywa kazi ya kuchagua. Acha anune, alijiambia. Alikuwa na furaha ya kutosha watu wawili.

Siku ya safari kifaa kilikwenda vizuri mpaka walipovuka kuingia Cornwall na kuikaribia barabara iliyofungwa. Hapo kikawaambia wakunje kushoto. Wakakunja. Njia ikabana. Matawi yakaanza kukwaruza karavani upande mmoja, kisha pande zote mbili, na sauti ile iliuma meno. Mbele yao likatokea gari la posta, ikalibidi lirudi kinyumenyume mpaka njia panda, na dereva wake akawapungia mkono ambao haukuwa wa salamu.

"Umeona?" Royston alifoka, jasho linamtiririka. "Umeona vifaa vyako? Nilikuambia hivi vitu takataka, hukusikia! Mtu unahangaika kuchagua kwa makini, mwenzio anakwenda kuzoa cha kwanza anachokiona!"

"Lakini wanakisifu wote..."

"Wanakisifu! Tazama ukuta huo! Tazama!"

Morwenna aliutazama ukuta ukipita karibu na kioo, akasikia jiwe likichora ubavu wa karavani yao mpya. Machozi yakamlenga. Angemsubiri tu mwanamume wa watu achague, haraka yake imewaponza.

"Samahani, Royston," alisema. "Kosa langu. Nilikuwa na papara."

Royston akapunguza mwendo. Kisha akampapasa goti.

"Basi, usijali, mpenzi. Kila mtu anakosea."

Walilifikia lango saa za chai. "Mmefika mwisho wa safari yenu," kifaa kilitangaza, na kweli nguzo mbili za mawe zilikuwa pale pale, na ng'ambo yake nyumba, mitufaa, na Denzil ndani ya mabuti yake ya mpira akija taratibu, harufu ya pasti, zile sambusa kubwa za nyama za kuoka, ikitoka jikoni nyuma yake. Morwenna alishuka karibu kwa kuruka. Miaka yote ni yeye anayeshuka kumwelekeza Royston kwa mikono, tena bila kupaza sauti, kwa sababu kelele za langoni ndizo zinazovunja ndoa za watu wa karavani. Njoo. Njoo tu. Kidogo kushoto. Nyoosha. Njoo.

Gari likapita. Pembe ya karavani ikaja, ikaja, na Morwenna akaona kitu ambacho hakikumwingia akilini. Alisogea hadi kwenye nguzo, akatafuta vidole vyake viwili viingie wapi. Havikuwa na pa kuingia. Upande huu jiwe lilikuwa mbele ya ukuta wa karavani, na upande wa pili vivyo hivyo.

Akapishanisha mikono kifuani. Simama.

Denzil alipita kando, akatazama, akajikuna kidevu. "Hii ya futi nane, Wena. Nani alikuambia itaingia hapa?"

Royston hakushuka. Alikuwa ameshika usukani kwa mikono miwili, macho yako kwenye mitufaa.

Na hapo ndipo yalipomjia yote kwa pamoja: kioo kidogo, kioo kikubwa, sauti ya mama mkwe, Ureno. Kila alipoulizwa upana. Na asubuhi ile mezani, mkate mdomoni, anamtazama yeye akibonyeza.

"Wote klabuni wana futi nane," Royston alisema kwa dirishani. "Nilitaka kukuambia. Nilikuwa natafuta wakati mzuri."

"Hakuna taabu," Denzil akawahi kusema. "Nalileta trekta, naing'oa nguzo moja. Si yetu tena baada ya wiki hii."

"Wazo zuri hilo!" Royston akachangamka.

"Nguzo haing'olewi," Morwenna alisema.

Akafungua mlango wa gari, akakibandua kifaa kwenye kioo, akavaa miwani. Akafuta saba na nusu. Akaandika nane. Akamwekea mumewe mapajani.

"Haya, sasa kinajua ukweli. Kiulize njia ya kurudia."

"Wena, ni upana tu! Inchi sita!" Royston akalalamika.

"Upana ningekusamehe." Akavua miwani. "Nimekuomba msamaha kule njiani, Royston. Nimelia. Nawe ukanisamehe! Ukanipapasa goti, ukanisamehe!"

Royston akakigeuza kifaa mapajani, kioo chini.

Morwenna aliingia karavanini, akatoka na mto wake, birika, na blanketi. Akampa Denzil birika. Wakapenya wote wawili kwenye upenyo mwembamba kati ya gari na nguzo, wakaelekea kwenye mitufaa.

"Na mimi nilale wapi?" Royston aliita nyuma yao.

"Si una kitanda cha kuzunguka?" Morwenna alijibu bila kugeuka. "Kizunguke."