Saa ya Nakonde

Tunduma ukimwuliza mtu saa, naye ana akili zake, hakujibu mpaka kwanza akuulize: ya wapi? Maana hapa hatuna saa moja. Ukivuka geti ukaingia Nakonde, upande wa Zambia, umerudi nyuma saa nzima na jasho halijakutoka. Saa nne yetu ni saa tatu yao. Wageni huchanganyikiwa siku mbili tatu tukawacheka, halafu wanazoea. Sisi wenyeji tunajiona hayatuhusu, na ndiyo maana yakitupata yanatupata vizuri.

Sabra alikuwa mwenyeji wa miaka kumi na moja. Alitoka Kondoa akiwa bibi harusi, akamfuata mumewe Twaibu, dereva wa malori, na sasa alikuwa karani wa wakala wa forodha, ofisi ya chumba kimoja nyuma ya maegesho. Siku ninayoisema ilikuwa Ijumaa, Nane Nane ya mwaka 2014. Nchi nzima imepumzika, watu wako kwenye maonyesho wanashangaa ng'ombe wa maziwa. Sabra yuko ofisini, na mumewe yuko mahabusu Nakonde.

Kisa? Tarakimu moja. Twaibu alivuka Alhamisi jioni na kontena la vipuri. Kwenye ukaguzi, namba ya lakiri iliyofunga mlango wa kontena haikufanana na namba ya kwenye hati. Lakiri ilibadilishwa bandarini, na hati mpya ikatengenezwa Jumatano makao makuu Dar es Salaam. Hati ipo, safi kabisa, na mhuri wake. Lakini aliyopewa Twaibu ni ile ya zamani. Na aliyeichapa akamkabidhi ni nani? Sabra huyo huyo. Alikuwa na haraka, alikuwa na madereva sita dirishani, akachukua iliyokuwa mezani bila kufungua kompyuta aone kama kuna nyingine. Basi tangu alfajiri alikuwa anajilaani kimoyomoyo.

Alfajiri ndipo Twaibu alipopiga, kwa simu ya kuazima.

"Mama Bushra, sikiliza na usilie. Hati sahihi ikifika kabla ya saa kumi jioni, yamekwisha. Isipofika, gari yao inatupeleka Isoka kwenye mahakama."

"Saa kumi ya wapi, baba Bushra?"

"Ya huku. Mimi niko huku."

Sabra hakulia. Lakini alimkumbuka Ngusa, dereva wa Kamsamba, aliyepelekwa Isoka kwa jambo dogo kuliko hilo akarudi baada ya miezi mitano, akakuta mkewe kahamia kwao kwa kaka yake na watoto hawamkimbilii tena. Alivaa kandambili akakimbia mpaka getini. Akasimama pale karibu saa nzima akibembeleza, simu mkononi, aonane na mume hata kwa dakika moja. Askari wa geti wakamwambia kwa upole kwamba bila hati asijisumbue. Akageuza kwenda ofisini.

Usiku umeme ulikuwa umekatika, ukarudi asubuhi. Na kompyuta ya ofisi, kubwa ile ya mezani, ya Windows, ilikuwa na ugonjwa wake: betri ndogo ya ndani ilishakufa, kwa hiyo umeme ukikatika inasahau leo ni lini na sasa ni saa ngapi. Dawa yake ilikuwa Sabra. Kila ikisahau anatoa simu, anatazama, anaiwekea saa na tarehe. Asubuhi ile akaiwekea kama siku zote, akafungua programu ya kuingilia kompyuta iliyo mbali. Programu yenyewe si ngeni: unakaa Tunduma unashika kipanya, na kioo unachokiona mbele yako ni cha seva ya Dar es Salaam. Hati zote ziko huko.

Seva ikakataa. Akajaribu tena. Ikakataa. Akajaribu mara ishirini, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba aliyoizoea.

Akampigia bosi wake, Mzee Abdulswamad, ambaye alikuwa Tanga kwenye harusi ya mpwa wake, na ngoma ilisikika nyuma yake.

"Binti yangu, ofisi ya Dar imefungwa na ufunguo ninao mfukoni hapa," alisema. "Seva inawaka, hilo nakuhakikishia. Paswedi ni ile ile. Tafuta fundi!"

Fundi ni Yonathani, Mnyiha wa Vwawa, kijana wa miaka thelathini hivi anayetengeneza kila kitu chenye waya. Sikukuu ile kumpata ilikuwa kazi. Sabra alizunguka mtaa mzima wa Sogea, akamkosa kwake, akamkosa kanisani kwenye mazoezi ya kwaya, akamkuta juu ya paa la mtu anafunga dishi. Mchana wote ukaishia huko. Walipoingia ofisini kompyuta ilionyesha saa nane kasoro. Yonathani akaiona sura ya Sabra, akaacha utani wake wote.

"Simu yangu imezima chaji, dada Sabra. Nitatumia ya kwako tukihitaji kupiga," alisema. Akafungua laptopu yake. "Hii yangu inatumia Linux. Tuanze nayo, tujue mlango umefungwa kule au huku."

Akaandika anwani ya seva. Dirisha likafunguka jeusi, likakaa sekunde mbili, likafa. Hakuna ujumbe, hakuna kwaheri.

"Imekataa nini?"

"Haijasema. Na hiyo ndiyo mbaya, fundi unabaki kupiga ramli." Akajaribu mara nne, akipunguza hiki, akiongeza kile. Kisha akajipiga paji la uso. "Loo! Programu yangu ni ya zamani. Seva yenu inataka mtu ajitambulishe kabla mlango haujafunguliwa, na hii yangu inajua kujitambulisha ikishaingia ndani. Hawawezi kuelewana, hata tukeshe." Akaifunga laptopu kwa hasira, akaisukuma pembeni.

Wakahamia kwenye kompyuta ya mezani. Hii ilikuwa na programu inayostahili, na Jumatano ilikuwa ikiingia bila taabu. Sasa ilitoa ujumbe mrefu wa Kiingereza. Sabra alikuwa ameufunga mara ishirini bila kuusoma, kama tunavyofanya sote. Yonathani akausoma polepole kwa sauti ya Kinyiha inayopanda mwishoni.

"Inasema haiwezi kuhakikisha kwamba hiyo ni seva ya kweli. Huenda saa au tarehe za kompyuta mbili hizi hazipatani."

"Saa nimeiweka mwenyewe leo asubuhi."

"Kwa kutazama nini?"

"Kwa simu. Hii hapa." Akainua simu, Yonathani akatazama kioo, akatazama simu. Dakika kwa dakika. Tarehe nane, mwezi wa nane, mwaka sahihi.

"Basi siyo hiyo," alisema fundi. Na hapo, ndugu zangu, mtu mzima na ufundi wake akalipita shimo huku analitazama.

Wakahangaika. Alikagua netiweki, akachomoa waya akachomeka. Alizima ulinzi wa virusi. Akafuta jina la seva akaliandika upya kwa namba tupu. Mzee Abdulswamad akapigiwa mara tatu asome paswedi herufi kwa herufi, na mara ya tatu harusi nzima ya Tanga iliisikia. Ujumbe ukarudi ule ule. Saa nane na nusu. Saa tisa kasoro. Sabra alikuwa ameacha kukaa. Alitembea hatua tano mpaka dirishani, tano kurudi, na kila akifika dirishani aliona malori yamepanga foleni kuelekea geti, na nyuma ya geti yuko mume wake, kwa kosa la mikono yake.

"Fundi, niambie ukweli. Itafunguka?"

"Dada, sijui."

"Usiseme hujui! Mtu wangu anapelekwa Isoka!"

Maji yalikuwa yamezidi unga na wote wawili walijua. Yonathani alikuwa anafikiria kuifumua kompyuta nzima na kuipangia upya, kazi ya saa tatu, na saa tatu hawakuwa nazo.

Ndipo adhana ya alasiri ikaanza, kutoka msikiti wa Majengo.

Sabra alisimama kama aliyepigwa. "Alasiri?" Akatazama kompyuta. Saa tisa na robo. Akatazama simu. Saa tisa na robo. "Alasiri mwezi huu inaadhiniwa saa kumi na robo. Yonathani! Saa kumi imepita! Wamekwisha kumchukua!" Na hapo machozi aliyoyakataza tangu alfajiri yakamtoka bila kuomba ruhusa.

"Subiri," alisema Yonathani. "Mwadhini hawezi kukosea saa nzima."

"Ndiyo nakwambia, imepita!"

"Subiri, dada. Simu hii leo ilifika wapi?"

Sabra akafuta uso kwa ushungi. "Getini. Asubuhi. Nilisimama kule muda mrefu."

Yonathani akainyakua simu, akatazama juu ya kioo. Jina la mtandao lililoandikwa pale lilikuwa la Zambia. Simu ilikuwa imedaka mnara wa ng'ambo, ikabadili saa yake yenyewe bila kumwambia mtu, na ofisi hii ilivyo karibu na geti, haikurudi tena nyumbani. Kitu kinachompata kila mtu Tunduma mara mbili kwa mwezi! Watoto wanakijua! Naye Sabra akaichukua saa ya Nakonde akaipandikiza kwenye kompyuta ya Tanzania, kisha wakakaa saa nzima na zaidi wanailinganisha simu na kompyuta, yaani wanamhakiki mwongo kwa ushahidi wake mwenyewe.

"Seva ya Dar iko saa kumi na robo," alisema Yonathani, tayari anabofya. "Sisi tunaiambia ni saa tisa. Itatuaminije? Lakini sikia vizuri, dada Sabra: kwa mumeo bado ni saa tisa na robo. Tuna dakika arobaini na tano."

Akasogeza saa mbele. Akaandika paswedi. Kioo kikawa cheupe, kikasita, kisha polepole, kipande kwa kipande, ikatokea meza ya kompyuta ya Dar es Salaam, na picha ya bahari aliyoiweka Mzee Abdulswamad mwenyewe.

"Alhamdulillah," alisema Sabra, akampora kipanya. Akafungua jalada la Jumatano. Hati ilikuwepo. Namba ya lakiri ilikuwepo. Akabofya chapa, akageukia printa yake, akangoja.

Printa ikakaa kimya.

"Umeichapa wapi?" aliuliza Yonathani.

"Si hapa..." Akatazama kioo tena. Hapa si hapa. Aliyokuwa anaiendesha ni kompyuta ya Dar, na hati ilikuwa imechapwa vizuri sana, Dar es Salaam, ndani ya ofisi iliyofungwa, ufunguo wake ukicheza ngoma Tanga.

"Pole pole," alisema Yonathani. Akainakili hati, akaivuta upande wao. Mstari wa kijani ukaanza kujaa. Asilimia tisa. Kumi na nne. Ukasimama. Sabra alisoma Ayatul Kursiyu, akairudia. Sitini. Sitini na moja. Tisini. Printa ya Tunduma ikakohoa, karatasi ikatoka, na kabla haijamaliza kutoka Sabra alikuwa ameikamata. Safari hii aliisoma namba yote, tarakimu kwa tarakimu, kwa sauti.

Bodaboda ilimfikisha getini, foleni ikamsimamisha, akashuka akakimbia. Alipoingia kituo cha polisi cha Nakonde saa ya ukutani ilisema saa kumi kasoro dakika sita. Gari ilikuwa imeshawashwa uani. Twaibu alikuwa amekaa nyuma na wenzake wanne, shati lile lile la jana. Alimwona mkewe akipita mbio.

Ofisa wa zamu, Mbemba mnene mwenye miwani, aliiweka hati mpya kando ya picha ya lakiri. Akachukua muda wake wote.

"Eya mukwai," alikubali hatimaye kwa Kibemba. "Namba ni yenyewe. Lakini bamayo, mama yangu, mbona mumeo ametupa kazi? Ameandika hapa na kutia sahihi." Akageuza daftari, Sabra akasoma mwandiko anaoujua kuliko wake. *Hati mbili zilikuwa mezani. Karani alinipa iliyo sahihi. Mimi ndiye niliyechukua isiyo yenyewe. Kosa ni langu peke yangu.*

Tarehe ilikuwa ya Alhamisi usiku. Kabla hata hajampigia.

Kumbe alijua. Alijua tangu saa ya kwanza nani aliyekosea, akaona ni heri kesi impate yeye kuliko jina la mkewe lisikike pale, na alfajiri akapiga simu kumwambia asilie.

"Si kweli," alisema Sabra. Akarudia kwa nguvu. "Afande, hayo si kweli. Karani ni mimi. Hati mbovu nilimpa mimi kwa mkono wangu huu."

Ofisa akamtazama, kisha akamtazama dirishani mtu aliyekaa kwenye gari. Akachora mstari juu ya maandishi yale, taratibu. "Mimi nilihitaji namba," alisema. "Haya mengine mtamalizana nyumbani. Mwambieni ashuke."

Walirudi getini kwa miguu. Hawakushikana mikono, si desturi yetu barabarani, lakini Sabra alitembea karibu mpaka bega likagusana na bega. Alitaka kumwuliza kwa nini, akashindwa. Alitaka kuomba msamaha, akashindwa na hilo pia. Kulia tu ndiko alikokuweza.

"Nilikwambia usilie," alisema Twaibu. "Hivi sasa ni saa ngapi? Njaa inaniuma."

Sabra akatoa simu, akaitazama, akairudisha mfukoni.

"Twende kwanza nyumbani," alisema. "Tutaulizia huko."