Picha za Furaha za Karani Jonah

Karani Jonah Kosgei alikuwa mtu wa kisasa, na kama kuna aliyekuwa hajalijua jambo hilo pale Nakuru mwaka ule wa hamsini na saba, basi hakuwahi kukaa naye kwa muda wa kumaliza kikombe cha chai. Alivaa tai hata Jumamosi. Alisoma magazeti ya Kiingereza yaliyotupwa na wakili Mzungu aliyemwajiri, tena aliyasoma barabarani, akiyainua juu kidogo ili wapita njia wasipate taabu ya kuyaona. Katika gazeti mojawapo ndimo alimoiona picha ya wachumba wawili wa Uingereza, wameketi kwenye benchi la bustani, wakicheka kana kwamba wametangaziwa kuwa kifo kimefutwa.

"Hivi ndivyo watu walioendelea wanavyochumbiana," alimwambia mchumba wake, akiligonga gazeti kwa kidole. "Hawasimami wima kama nguzo za ua. Wanacheza!"

Mchumba wake, Chepkemei, alikuwa mwalimu wa shule ya msingi, bado bila cheti, upande wa Lanet. Kutwa aliwatazama watoto wakicheza, wala hakuwahi kung'amua kwamba alikuwa amezungukwa na maendeleo kiasi hicho. Hata hivyo alikubali kupigwa picha. Alijiona ana deni la shukrani. Januari angeingia chuo cha ualimu kwa miaka miwili, nafasi ambayo wasichana wengi waliiomba na wachache mno waliipata, na Jonah alikuwa ameahidi kumngoja.

Aliahidi mbele ya wazee, nyumbani kwa mzee Kipketer, baba yake Chepkemei, aliyechunga ng'ombe wa maziwa katika shamba la mlowezi kule Njoro. Siku ile siagi ilipakwa vichwani, uchumba ukathibitika, na wazee wakapatana neno moja: nyasi zisifungwe mpaka binti arudi kutoka chuoni. Kwa watu wao, kilichofunga ndoa hakikuwa pete wala cheti, bali nyasi ya segutiet iliyosukwa ikawa kikuku. Mwanamume alimfunga mwanamke mkononi, mwanamke naye akamfunga mwanamume, na fundo likishakazwa, mke alikwenda kukoka moto wa mumewe. Hapo habari za chuo walibaki kuzizungumza kuku.

"Miaka miwili ni kitu gani?" Jonah aliwaambia wazee, siagi ikimtiririka polepole kuelekea kwenye kola. "Mimi sitafuti mkoka moto. Natafuta mke aliyesoma."

Wazee walitazamana. Chepkemei, kwa upande wake, alimpenda sana dakika ile.

Basi Jumamosi moja ya Novemba walikutana mbele ya bustani ya mji. Mpiga picha alikuwa Makokha, mtu wa Bungoma mwenye mdomo mwepesi, aliyebeba kamera yake na kigoda chake cha miguu mitatu cha kuisimamishia, vyote juu ya baiskeli, kwa uangalifu ambao wanaume wengine hawakuwapa hata wagonjwa. Kwa kuwa binti aliyechumbiwa hakuzurura mjini peke yake na mwanamume, shangazi yake Chepkemei, Chepkosgei, alikuja naye, amejifunika shuka, na uso wake ulisema kwamba ameyaona mambo mengi ya ovyo na yuko tayari kuliona hili pia.

"Benchi lile pale," Jonah aliamuru. "Lafanana kabisa na la gazetini."

Lilifanana kweli, hata katika jambo moja ambalo Jonah hakulitia maanani: lilikuwa la Wazungu. Hawajakaa vizuri, askari wa manispaa akafika.

"Nyinyi! Hamjui kusoma?" Alionyesha kibao.

"Mimi?" Jonah alisimama, ameumia moyoni. "Mimi nisijue kusoma? Kijana, mimi ni karani wa wakili!"

"Vizuri. Basi soma."

Jonah alikisoma kibao kimoyomoyo, tena kwa Kiingereza safi, kisha akanyoosha tai yake na kutangaza kwamba mwanga wa mahali pale haukufaa.

"Kweli, bwana," Makokha alisema, akikunja kigoda. "Mwanga wa hapa una ubaguzi. Twende ziwani. Ziwani hata jua halina kibao."

Ziwani mwanga ulikuwa wa kutosha. Harufu pia. Heroe walikuwa wametanda majini kwa maelfu, wekundu mpaka upeo wa macho, na kutoka mbali ilionekana kama Mungu ameanika shuka zake. Ila picha haina pua, na aliyesimama pale karibu alijua kwamba ndege wale hawakuja kwa ajili ya kupendeza tu; walikula, na mambo mengine yakafuata. Tope la magadi lilivimeza viatu vya Jonah, vilivyong'arishwa asubuhi ile kwa mate na bidii.

"Sasa kimbieni!" Makokha aliita, kichwa kimeinama juu ya kamera. "Bwana, mshike mkono! Dada, jifanye unamkimbia!"

"Nijifanye?" Chepkemei aliuliza.

"Amkimbie mchumba wake hapa, mchana kweupe?" Shangazi alidakia kwa niaba yake, ameketi juu ya jiwe. "Watu wataita polisi."

"Ni mchezo, mama. Uchumba wa kisasa."

"Enzi zetu tulikimbia kweli."

Walikimbia. Jonah alikimbia kama mtu anayefukuzia gari la posta, mkono mmoja umeshika tai. Alijificha nyuma ya mgunga mwembamba kuliko tumbo lake, akachungulia, akasema "Kuu!" kwa sauti ya ofisini. Aliruka juu ili apigwe akiwa hewani, akatua kabla Makokha hajabonyeza, akaruka tena, akatua tena. Heroe mia kadhaa waliinuka wakahamia mbali. Hawakuwa ndege wa kisasa.

Ajabu ni kwamba Chepkemei alianza kucheka, tena kicheko cha kweli. Jonah, ametapakaa tope mpaka magotini, alionekana kwa mara ya kwanza kama mtu, si kama gazeti. Chepkemei alifikiri: labda ndani ya tai hii mna mtu ninayeweza kuzeeka naye. Nitamwandikia kutoka chuoni. Nitamweleza kila kitu.

"Hapohapo!" Makokha alifurahi. "Sasa tupate moja ya mapenzi. Wazungu humvisha mwanamke pete. Bwana, una pete?"

"Pete bado."

"Basi tafuta chochote. Ua, uzi, kamba. Mfunge mkononi, mtazame machoni, mimi nipige. Mchezo tu."

Makokha alitoka mbali na mila zile. Kwake kikuku kilikuwa kikuku. Jonah aliinama ukingoni, mahali tope lilipoishia, akachuma nyasi. Akasuka. Akauchukua mkono wa Chepkemei, akafunga, na kamera ikalia *ta!*

Chepkemei alikuwa bado anacheka macho yake yaliposhuka mkononi.

Hayakuwa majani ya kuokota tu. Ilikuwa nyasi ile itambaayo, segutiet yenyewe, na haikuwa imefungwa kama mtoto afungavyo kamba ya kiatu. Ilikuwa imesukwa nyuzi nne, ncha zote zimeelekezwa upande mmoja, fundo limefichwa chini, kama mikono ya wazee ilivyofanya tangu kabla ya reli. Na huyu aliyeisuka ndiye Jonah yule aliyewahi kumweleza, kwa fahari, kwamba alilelewa bwenini kwa wamishenari na hakujua lolote katika "mambo ya kizamani".

"Umejifunzia wapi kusuka hivi?" aliuliza.

"Ah! Ni mchezo." Jonah alikuwa tayari amenyoosha mkono wake, na katika mkono wa pili alishika kikuku cha pili. Alikuwa amevisuka viwili. "Sasa wewe nifunge mimi. Haraka, jua linakwenda."

"Nikikufunga itakuwa nini?"

"Itakuwa picha."

"Jonah."

Karani alitazama viatu vyake. Kisha, kwa kuwa hakuzoea kukaa kimya mbele ya mwanamke, akaanza kutetea kesi. "Sikiliza, Chepkemei. Miaka miwili ni mingi. Ofisini wananicheka. Wanasema, 'Kosgei amechumbia darasa.' Na mama amekwisha kuandaa vibuyu vya maziwa ya mursik, watu wamealikwa Jumapili ijayo..."

"Wamealikwa kwa nini?"

"Kukupokea."

Shangazi aliinuka kutoka kwenye jiwe lake. Alikuja bila haraka, akaushika mkono wa mpwa wake, akaigeuza nyasi upande huu na ule kama mnunuzi wa ng'ombe aangaliavyo meno.

"Kazi nzuri," alisema. "Mwanangu Jonah, kumbe una vidole. Lakini mkono mmoja si ndoa. Hata mbuzi hufungwa mkono mmoja. Huyu hajakufunga wewe."

"Haidhuru, mama," Jonah alijibu, na sasa sauti yake ilikuwa na utulivu mpya, ule wa mtu aliyesoma sheria kwa kuchungulia begani mwa mwajiri wake. "Picha imekwisha pigwa. Mzee Kipketer akiiona, nyasi mkononi na binti anacheka, atasema nini?"

Chepkemei alijua atasema nini. Maishani mwa baba yake, kila aliyewahi kumpiga picha alikuwa serikali. Kwake picha haikuwa burudani, ilikuwa hukumu. Angeitazama, angemwona binti yake amefungwa, tena anafurahia, na angesema kwa huzuni, bila hasira, kwamba neno la wazee limevunjwa na binti mwenyewe. Na mtu hawezi kuolewa Jumamosi kisha Januari akaenda kukaa bwenini. Jonah asingesema uongo hata kidogo. Angeiweka picha mezani tu, akanyamaza. Mashine ya kisasa kabisa kutoka ng'ambo ilikuwa imeajiriwa kumrudisha mwanamke jikoni, na ilifanya kazi yake bila hitilafu.

"Usinitazame mimi, dada," Makokha alisema, akirudi nyuma hatua. "Niliambiwa mchezo. Kwetu nyasi ni chakula cha ng'ombe."

Chepkemei alivuta kikuku kikakatika, akakidondosha topeni. Kisha akatembea moja kwa moja mpaka kwenye kamera.

"Dada, polepole! Usiguse hapo nyuma! Ukifungua kile kifuniko mwanga utaila filamu yote, hata moja haitabaki!"

"Hiki hapa?"

"Hicho hicho! Ndiyo nasema usi..."

"Asante, bwana Makokha. Waeleza vizuri. Ungefaa kuwa mwalimu."

Akakifungua. Jua la Bonde la Ufa, ambalo kweli halikuwa na kibao, liliingia ndani ya kile kisanduku bila kubisha hodi. Liliula mkono uliofungwa. Liliwala pia wachumba waliokimbia, karani aliyechungulia nyuma ya mgunga, na msichana mmoja aliyecheka kicheko cha kweli kwa muda mfupi, ambaye Chepkemei angependa kumwona tena. Aliivuta filamu nje, ndefu kama utumbo, akaishikilia juu mpaka alipokuwa na hakika.

Makokha alishika kichwa. "Uuuwi! Umezika watu wangapi leo!"

"Umeniaibisha," Jonah alisema. Tai ilikuwa imelegea, na kwa mara ya kwanza hakuinyoosha. "Mbele ya mtu wa picha."

"Mbele ya wazee ulisema utangoja. Ulisema kwa mdomo wako, siagi ikikutiririka. Mimi nilikuamini, Jonah. Hilo ndilo linaloniuma, si nyasi."

"Na ukirudi umebadilika? Ukirudi unanidharau?"

Lilikuwa swali la kwanza la kweli alilouliza siku ile, na Chepkemei alilipa heshima ya kulifikiri kabla ya kujibu.

"Nitarudi nimebadilika," alisema. "Ndiyo maana ya kwenda. Ukinitaka hivyo, nenda kwa mama yako leo, awaambie wageni kwamba Jumapili hakuna mtu wa kupokelewa. Usiponitaka, mwambie baba yangu mwenyewe, kwa mdomo. Usimtume mtu wa picha."

"Na vile vibuyu?"

"Mursik haiozi haraka," Shangazi alisema. "Kunyweni. Itawapa nguvu za kungoja."

Wanawake wale wawili waliondoka kwa miguu kuelekea mjini. Nyuma yao Makokha alisikika akisema kwa upole kwamba bado anayo filamu nyingine, na kama bwana anapenda, anaweza kumpiga peke yake, ameketi, akitafakari. Wasomi wengi hupenda pozi hilo. Jonah aliuliza kama tope lingeonekana.

Kwa mzee Kipketer hakwenda. Alikwenda kwa mama yake, Jumapili ikapita, wageni wakanywa mursik na kuambiwa kwamba mipango imeahirishwa kwa sababu za kielimu. Na Jumatatu ofisini, makarani wenzake walipomuuliza habari za mke, Jonah aliinua gazeti lake juu kidogo na kuwaeleza kwamba alikuwa amekaa, akawaza sana, na hatimaye akaamua kumpeleka mchumba wake chuoni. Baadhi ya ndugu walimpinga, alisema, hasa wanawake, wajua tena wanawake na mambo ya kizamani. Lakini yeye alisimama imara.

Maneno hayo yalimfikia Chepkemei kule Lanet kabla ya wiki kwisha, yameletwa na shangazi yake, aliyeyasimulia mara mbili kwa kuwa mara ya kwanza alicheka mno.

"Sasa utamjibu nini, mwanangu?"

Chepkemei alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku lake la bati, akipanga vitabu chini na nguo juu.

"Sitamjibu," alisema. "Mwache aseme. Shangazi, nipe lile blanketi. Wanasema kule chuoni usiku kuna baridi."