Usome Tejas

Sauti ya kwenye simu ilikuwa na adabu, na hiyo adabu ndiyo iliyomkausha mate Kumud Wagle.

"Mama, sisi tumekua tukitazama filamu zako," ilisema. "Kesho kwenye Tuzo za Swarnadeep wewe ndiye unayemtangaza mwigizaji bora. Utasoma Tejas Bhandari. Bahasha iwe imeandikwa lolote, wewe usome Tejas."

"Wewe nani?"

"Mwanao tu. Yule mjukuu wako mwenye mkoba wa njano anatoka shule saa saba, sivyo?"

Simu ikakatika.

Mwaka ule, Mumbai nzima, hakuna mtu wa filamu aliyehitaji kuelezwa kwamba simu za namna ile zinatoka kwa magenge ya wahalifu. Mtayarishaji mmoja alikuwa amemiminiwa risasi asubuhi mbele ya ofisi yake, glasi ya chai ingali mkononi. Waigizaji wakubwa walitembea na walinzi. Kumud alikuwa ameigiza mama mjane mara nyingi hata watu sokoni humwinamia na kumgusa miguu kwa heshima, lakini mlinzi hakuwa naye. Nyumbani walikuwa yeye, binti yake Ashwini, na Mihir, mtoto wa Ashwini.

"Soma wanachotaka, Mama," Ashwini alisema. "Tuzo ile ni kipande cha shaba tu. Kitu gani?"

"Na Raghuvir?"

Raghuvir Mohanty, rafiki wa Kumud aliyekuwa akiwania tuzo ile ile, alikuwa amezeekea kwenye nafasi za mjomba na hakimu. Mwaka huo ndipo alipopewa filamu ya kuibeba mwenyewe, na aliibeba hata mahasimu wake wakatoka ukumbini wakifuta macho.

"Raghuvir hana mtoto mdogo ndani," Ashwini akajibu.

Kesho yake Mihir hakwenda shule. Wakafunga madirisha yote ya upande wa barabara, chumba kikawa tanuri, mtoto analia anataka kwenda kucheza kriketi. Muuza mboga akipita akinadi, Kumud husimama kusikiliza kama sauti ndiyo ile. Alishika simu ampigie inspekta anayefahamiana naye, kisha akairudisha. Nani ajuaye inspekta naye anapokea simu za nani?

Jioni alivaa sari yake ya hariri ya kijani akaenda. Ashwini ndiye aliyemfunga pini.

Ukumbini Raghuvir alikuwa amekaa safu ya nyuma yake, yeye na mkewe. Akainama.

"Kumud, mbona umepauka hivyo? Au umemeza tambuu na popoo yake?"

"Joto."

"Joto, na humu baridi ya kugandisha maziwa? Sikiliza. Nikikosa leo, angalau nitakuwa nimekosa kwa sauti yako. Hiyo nayo ni heshima."

Mkewe akamwambia akae sawa, akalowesha kidole kwa mate na kumlaza unywele uliosimama kisogoni. Kumud aliona. Hapo hapo, bila kujua ujasiri umetoka wapi, akaamua kwamba atasoma kilichoandikwa. Mihir wangemsafirisha usiku huo kwa dada yake Nagpur.

Jina lake likaitwa. Jukwaani taa zilimpofusha, watu wote wakawa giza moja, na mahali fulani kwenye giza lile aliamini kuna mtu anayemtazama midomo. Akachana bahasha.

Tejas Bhandari.

Akasoma tena kimoyomoyo. Kwanza alipata nafuu, nusura acheke. Kisha hofu ikamrudia, na safari hii ilikuwa kubwa kuliko ya jana. Majaji nao walikuwa wamepigiwa. Sauti ile yenye adabu ilikuwa imezunguka mlango kwa mlango, na kwake ilikuja kuhakikisha tu.

Alilitamka jina. Sauti ilitoka safi, maana kazi yake ndiyo hiyo.

Makofi yalikuwa haba. Tejas, kijana mzuri wa uso, alipanda ngazi kama anayekwenda kung'olewa jino. Akainama kumgusa miguu, akakawia huko chini. Alipoinuka, mdomo wake ulikuwa sikioni mwa Kumud.

"Shangazi, sikuwaomba. Naapa sikuwaomba. Wamesema sasa mimi ni wao."

"Tabasamu. Kamera zinatutazama."

"Nitaigiza filamu zao, wakitaka, bila kuuliza."

"Tabasamu, mwanangu."

Akatabasamu. Aliwashukuru wazazi wake na watazamaji, na muda wote huo alikuwa ameushika mkono wa Kumud, akiubana hata vidole vikafa ganzi. Kule safuni kwake Raghuvir alipiga makofi akiwa ameinua mikono juu, ili rafiki yake aone kwamba hana kinyongo.

Nyuma ya jukwaa Kumud aliomba simu.

"Umesoma?" Ashwini aliuliza.

"Nimesoma kilichoandikwa."

"Yaani?"

"Tejas."

Ashwini akashusha pumzi. "Basi yamekwisha, Mama. Rudi nyumbani."

Kupitia mlango wa nyuma Kumud aliona wanaume wawili wamemweka Tejas katikati, wamemshika viwiko kwa upole. Kijana alikuwa amekuja na mama yake, na mama yake alikuwa bado ndani, akimtafuta. Mmoja wa wale wawili alifungua mlango wa gari, akaipokea tuzo ili isimsumbue, akamwambia, kwa adabu, aingie.