Kati ya Vipande Viwili

Shoka lilipotua mara ya mwisho, ng'ombe alifunguka akawa nusu mbili, kila nusu ikining'inia kwenye kulabu yake, na mvuke ukapanda kama wa chungu kilichofunuliwa. Kuhani akapita katikati. Wachinjaji wote walipita hapo, maana ndiyo njia fupi ya kufika bombani, ila yeye peke yake ndiye aliyekuwa na mahubiri juu ya njia hiyo.

Jina la Kuhani alipewa na wenzake machinjioni. Siku za kazi alichinja. Jumapili aliongoza kanisa dogo la mabati mtaa wa nyuma. "Hata wana wa Haruni walikuwa wachinjaji," aliwajibu kila walipomtania. "Tofauti ni kwamba wao paja walipewa, nyinyi mnaiba." Walicheka, kwa sababu ilikuwa kweli. Aliwafundisha pia kwamba hapo kale watu wakifanya agano walimpasua mnyama wakapita kati ya vipande, kama kusema: nikilivunja, nami nipasuliwe hivi hivi. Mahubiri hayo ndiyo aliyoyatoa siku alipomfungisha ndoa mdogo wake wa kike na mchuna ngozi wa machinjio hayo hayo.

Asubuhi hii alikuwa ametokea hospitali.

Alimkuta dada yake kitandani, taya limefungwa kwa waya, jicho moja limezama ndani ya uvimbe. Mumewe alikuwa amempiga kwa kiti mpaka kiti kikavunjika. Kuhani alisimama pale kwa hasira, na kama kawaida yake akatafuta la kusema ndani ya Maandiko.

"Finehasi alishika mkuki akawachoma wazinzi wawili kwa pigo moja," alisema. "Na Mungu akampa agano la ukuhani, yeye na uzao wake. Leo namaliza huyu mtu, mdogo wangu. Naapa."

Dada alimtazama kwa jicho lililobaki. Maneno yalimtoka kwa taabu kati ya meno yaliyofungwa.

"Nilikuja kwako na kibunda changu cha nguo, kaka. Nikaja tena. Ulinisomea agano umesimama mlangoni, ukanirudisha kwake."

"Sikujua angefika huku."

"Mgongo wangu uliuona." Alijifuta mate yenye damu kwa ncha ya shuka. "Mimi sikuomba mkuki. Niliomba mlango."

Kuhani alitoka. Njiani alijiambia kwamba yale yalikuwa maumivu tu yanayosema, na kwamba damu ya yule mtu ikishamwagika, dada yake atatulia. Hasira hasara, wahenga walisema. Lakini wahenga hao hawakuwa na dada mwenye taya la waya.

Sasa alikuwa bombani, akinoa kisu ambacho hakikuhitaji kunolewa. Shemeji yake akaingia akisukuma toroli la ngozi mbichi, anapiga mluzi.

"Habari za asubuhi, shemeji?" aliuliza, kama mtu aliyelala usingizi wa haki.

Kuhani alimkaba koo akambamiza kwenye ubavu wa ng'ombe mpaka kulabu ikalia juu ya reli. Toroli likapinduka. Shemeji alichomoa kisu chake cha kuchunia, akafyeka, na kiganja cha kushoto cha Kuhani kikafunguka hadi mfupa. Hakusikia maumivu. Kuhani aligeuza kisu chake akampiga kwa mpini mdomoni, akampiga tena, na tena, mpaka akausikia mfupa ukikatika, mlio alioujua vizuri kuliko wimbo wowote wa kanisani. Meno yakadondoka sakafuni kwenye damu ya ng'ombe. Kisu cha kuchunia nacho kikaanguka.

"Si wewe uliyetufunga?" shemeji alilia, damu ikimbubujika mdomoni. "Si wewe uliyemrudisha? Ulimleta kwa mkono wako mwenyewe! Nikajua Mungu yuko upande wangu."

Kuhani aliyaweka makali kooni, pale pale anapoyaweka kila siku. Ndama angehitaji nguvu zaidi. Akamtazama usoni ili amwone akifa. Taya lilikuwa limekwenda upande, jicho moja linafumba. Ulikuwa uso ule ule aliouacha hospitali, na huu alikuwa ameutengeneza yeye.

Akayaondoa makali kooni. Miaka yote alihubiri juu ya vipande viwili, na miaka yote aliruka mahali pamoja: Ibrahimu hakupita. Alilala, na moto wa Mungu ukapita peke yake. Mungu aliyeapa alijitia mwenyewe katikati. Na yule Kuhani Mkuu aliyemhubiri kila Pasaka hakupeleka madhabahuni mwanakondoo wa mtu mwingine; alijitoa mwenyewe. Yeye je? Alikuwa amemsukuma dada yake katikati, kisha akabaki pembeni na kitabu, msafi. Aliona aibu, aibu ya moto iliyompanda mpaka masikioni.

Wenzake walikuja mbio. Kuhani aliachia kisu.

"Mshikeni," alisema. "Waiteni polisi. Na taya hilo waambieni nimelivunja mimi."

Jumapili hakupanda mimbarani. Alisimama chini, mkono umefungwa bandeji, kesi yake mwenyewe ikimngoja, akawaambia waumini ni nani aliyemrudisha dada yake kwa mumewe, na kwa aya gani. Wazee wawili walinyanyuka wakatoka. Mmoja alisema kwa sauti, "Ndoa ni agano."

Dada aliporuhusiwa kutoka hospitali, alikuja na kibunda chake akasimama nje ya kizingiti cha kaka yake. Waya ulikuwa bado mdomoni.

"Leo utanisomea nini?"

"Sina cha kusoma, mdogo wangu."

Kuhani alisogea upande mmoja wa mlango. Mkewe, aliyekuwa nyuma yake, akasogea upande wa pili. Dada aliwatazama kwa zamu, muda mrefu, kama mtu anayepima upana wa njia. Kuhani alinyoosha mkono wake mzima kupokea kibunda. Dada akakihamishia mkono mwingine, akapita katikati yao.