Kumwosha Kapita

Apolline hakumpenda mzee Gaspard, wala hakujisumbua kujifanya anampenda. Kila asubuhi alipopanda kwenda kwake mtaa wa Songo na mkoba wa dawa zilizosalia, moyo wake ulikuwa mkavu. Wakati wa Wabelgiji, Gaspard alikuwa kapita, msimamizi wa mashamba ya pamba kule Bwegera. Shamba likikutwa na magugu, mwenye shamba alikula kiboko cha kapita. Rénovat, baba yake Apolline, alilazwa kifudifudi mbele ya watoto wake, suruali imeshushwa magotini.

Sasa kapita alikuwa anaoza kitandani. Kansa ya tumbo ilimla hata haja zikawa zinamtoka bila habari. Waasi walipouteka mji mwaka ule wa 1964, madaktari walikimbia, akabaki muuguzi huyu na vichupa vichache vya mofini. Alimwosha kiungo kwa kiungo, mguu mmoja wazi, mwingine umefunikwa, mlango umefungwa, mke wa mzee, Mama Sabine, ameshika beseni. Ndivyo alivyofundishwa, na hakuwa tayari kuiharibu kazi yake kwa ajili ya mtu kama Gaspard.

Aliyemtia kichefuchefu hasa ni Placide, mpwa wa mzee. Miaka kumi alikula bugali ya nyumba ile na kuvaa viatu vya kununuliwa na mjomba. Waasi hawajashuka vizuri kwenye lori lao, yeye alishajifunga majani kichwani kama wao. Tangu hapo, Apolline akiondoka, Placide alileta watu chumbani na kufunua shuka.

"Muone mbwa ya Bazungu!"

Asubuhi moja alikuja na komanda wa waasi na wapiganaji wawili.

"Tunamubeba mpaka sokoni," komanda alisema. "Batu bamuhukumu."

Apolline alikuwa katikati ya kazi. Alivuta shuka hadi kidevuni mwa mgonjwa, akageuka taratibu, mikono imejaa povu.

"Mumubebe. Weye komanda, shika mabega. Hawa wawili, miguu. Placide ashike katikati, pale panapotoka. Ila muniambie kwanza: ile dawa yenu ya kuzuia risasi inapatana na mavi ya muntu?"

Wapiganaji walitazamana. Mji mzima ulijua masharti yao: usiguse hiki, usiguse kile, la sivyo dawa inaharibika. Harufu nayo ilisaidia. Mmoja alirudi nyuma hadi akagonga mlango.

"Placide atamubeba peke yake," komanda aliamua.

"Minye?" Placide alishika kiuno. "Komanda, mugongo unaniuma."

Apolline alicheka bila kuficha. "Wanaume wanne na bunduki tatu, munashindwa na muntu asiyeweza kukaa!"

 Komanda alimzaba Placide kofi, akatoka na watu wake.

"Aksanti, binti yangu," Gaspard alinong'ona.

"Usinishukuru. Minye binti ya Rénovat wa Bwegera."

Wiki tatu alikuwa akiyatunza maneno hayo. Mzee alifumba macho, akafikiri kwa bidii.

"Rénovat gani? Balikuwa wengi."

Hakuwa anadhihaki. Hakumkumbuka kabisa. Apolline alitamani amwache pale na maji yake mgongoni, nzi wamalizie. Kisha akachukua taulo.

"Geuka," alisema, akamkausha mpaka katikati ya vidole.

Gaspard alifariki Jumapili. Apolline alimnyoa, akamvisha shati safi, ndipo akaruhusu watu waingie. Placide aliangua kilio, akajibwaga sakafuni mbele ya majirani. "Papa yangu! Unaniacha na nani?"

Apolline alimruka kama mtu arukavyo dimbwi, akamnyooshea furushi la nguo zilizochafuka.

"Kama unamupenda hivyo, enda ufue."

Kilio kilikatika papo hapo. Placide alificha mikono kwapani. Mama Sabine ndiye aliyelipokea furushi, na wanawake wawili wakateremka nalo hadi mto Mulongwe.

Walifua nguo moja baada ya nyingine. Mwishowe Mama Sabine aliuliza, bila kuinua uso, "Baba yako, mzee wangu alimupiga sana?"

"Tangu siku ile hakuvua shati mbele ya muntu tena. Hata mbele ya mama yangu."

 Mama Sabine alishika ncha moja ya shuka, Apolline akashika nyingine, wakakamua.