Njia ya Juu ya Kakoli

Zephaniah na kiti hawakuwahi kupatana. Kanisani alikaa ukingoni mwa benchi, karibu na mlango. Ofisini Amagoro alisoma barua akiwa amesimama, na nyumbani mkewe alimwekea chakula akijua fika kwamba nusu yake italiwa uani, mtu akizungukazunguka na sahani mkononi. Majirani walisema maskini, ana kazi nyingi mno. Wangejua.

Alikuwa bwana mifugo, mchanjaji wa ng'ombe aliyeajiriwa na serikali, na mwaka wa sabini na nne idara ilimkabidhi Yamaha mpya yenye matairi ya meno makubwa na ekzosi iliyopandishwa juu isinywe maji. Aliambiwa imfikishe kwa wafugaji. Kufika alifika, tena mapema, ila hakuna aliyemwuliza kapitia wapi. Barabara kubwa ya Malaba ilimchosha roho. Huko malori yalikaa foleni siku nzima yakingoja kuvuka kwenda Uganda, madereva wamelala chini ya matela, matanboi, wasaidizi wao, wanasonga ugali kando ya magurudumu, na lami yenyewe haina la kumwambia mtu. Alikuwa akiipita ile foleni mbio na kukata kushoto kwenye majani, ndipo moyo wake ukatulia kidogo.

Kati ya Amagoro na kijiji cha Kakoli kulikuwa na kilima kirefu chenye mgongo wa mawe. Njia ya mbuzi ilipanda pale, ikapita juu ya mwamba mmoja mpana ulioinama kama paa la nyumba, kisha ikashuka vichakani hadi kijito. Njia hiyo Zephaniah aliiwaza tangu asubuhi akipiga mswaki. Akiufikia mwamba alisimama juu ya vikanyagio, akabana tangi kwa magoti, akatia gia ya pili na kuvuta mafuta, akaiacha pikipiki icheze chini yake. Ukiilazimisha inakutupa. Ukiogopa ukaachia mafuta katikati, inakurudisha kinyumenyume mpaka chini, na yeye alisharudishwa mara kadhaa, kovu analo pajani. Lakini siku inapokubali, gurudumu la mbele linaelea, mwamba unaisha ghafla, mbele hakuna kitu ila anga na bonde lote hadi Uganda, na mtu mzima mwenye watoto wanne anajikuta anacheka peke yake. Alifurahi mpaka akaona haya. Ndiyo maana alipofika Kakoli, matope hadi masikioni, alivaa uso wa mtu aliyeteseka.

"Pole, daktari," watu walimwambia.

"Ndiyo kazi," alijibu, mwongo mkubwa.

Aliyeteseka kweli alikuwa Mama Benedetta, mwenyekiti wa kina mama wa Kakoli. Masika yaliyopita mkaza mwana wake, Nafula, alishikwa na uchungu wa kuzaa. Mwamba ule haupitiki na mgonjwa, basi walimbeba kwa kitanda wakizunguka bondeni, matope yakiwafika magotini, na Nafula akakata roho kabla hawajaona gari. Matanga yalipokwisha, Benedetta hakulia tena mbele ya watu. Januari aliitisha harambee ya barabara. Serikali ilikubali kutoa kalveti za kupitishia maji, wanakijiji watoe mikono, na gari la hospitali lingefika Kakoli kabla ya masika mengine.

Siku ya mkutano Mzee Olinga, naibu wa chifu, alisimama akamnyooshea Zephaniah fimbo.

"Daktari, huku kote unapajua wewe na hiyo pikipiki yako. Barabara ipite juu ama ipite chini?"

Watu walikuwa wanataka chini. Bondeni udongo ni mweusi na mwororo, jembe linaingia lenyewe, na Januari pale palikuwa pakavu ungeweza kuchezea mpira. Juu kulikuwa na ule mwamba, ambao ungebidi uvunjwe. Zephaniah alijua bonde lile Aprili linakuwa gundi. Mara moja tu alilijaribu, pikipiki ikazama hadi kwenye kiti na kuvutwa na ng'ombe wanne. Alijua pia barabara ikipita juu itadumu, na kwamba mwamba wake utageuka kokoto. Alifungua mdomo aseme ukweli, akaona gurudumu la mbele likielea.

"Chini ni sawa, mzee," alisema.

Wakaanza kuchimba. Kila Jumamosi aliwaona kutoka juu ya kilima, wanaume na wanawake wamejipanga bondeni, majembe yanapanda na kushuka, nyimbo zinamfuata mpaka vichakani. Alipanda mwamba vizuri kuliko zamani, na utamu ukapungua. Akawa anapita mara mbili, mara tatu, kama mtu anayetafuta kitu alichoangusha. Usingizi ulimpaa. Mkewe alimwuliza kama ana homa, naye akasema labda.

Machi mwishoni, manyunyu ya kwanza yalipoanza, Benedetta alimsimamisha njiani.

"Daktari, nibebe. Leo lazima nifike ofisi nisaini hizo kalveti."

"Mama, hii njia ni mbaya. Utaogopa."

"Nimezaa watoto saba. Washa hiyo kitu."

Akapanda nyuma, kafunga leso yake barabara, kashika mshipi wa Zephaniah kwa mikono miwili. Walivuka kijito, maji yakawarukia, wakapenya vichakani na kutokea mgongoni, wakauchukua mwamba kwa kuteremka, polepole, breki zikilia. Nyuma yake palikuwa kimya. Alidhani kazimia. Walipofika chini akasikia kicheko, kicheko cha msichana, si cha mama mwenye wajukuu.

"Rudi juu," Benedetta alisema akihema. "Ile ya kupanda, nataka kuona."

Akageuza, akasimama juu ya vikanyagio, akavuta mafuta. Mwamba uliisha, anga ikawafungukia, na wote wawili wakapiga kelele. Benedetta alishuka akajipangusa machozi ya kucheka. Akatazama bondeni, kwa watu wake waliokuwa wakichimba.

"Hii kitu ni tamu," alisema.

"Ni tamu, mama."

"Alama za tairi yako ziko huku juu tu. Kule chini sijawahi kuona hata moja." Kicheko kilikuwa kimekwisha. "Mvua ikija, kule kunakuwaje?"

Angeweza kudanganya tena. Alikuwa amechoka.

"Gundi."

"Gari itapita?"

"Haiwezi. Niliogopa mtavunja huu mwamba, mama. Niliutaka ubaki."

Benedetta aliyatazama yale mawe.

"Ulikuja matanga ya Nafula," alisema. "Nilikupakulia chakula na mkono wangu."

Zephaniah aliinamia tangi, akaanza kukwangua tope kwa ukucha.

"Utawaambia wewe, ama nitawaambia mimi?"

Aliwaambia yeye. Alishuka bondeni kwa miguu na kusema yote mbele ya majembe, hata lile la kucheka peke yake. Mzee Olinga aliketi juu ya udongo alioutifua mwenyewe, akashika kichwa. Mtu mmoja alisema pikipiki izikwe humohumo kwenye matope. Wangempiga, nadhani, kama Benedetta hangesimama katikati akawauliza wanataka kupiga mtu ama wanataka barabara, maana siku za kufanya yote mawili hazipo.

Jumamosi iliyofuata walihamia kilimani. Mwamba wa namna ile huvunjwa kwa moto. Unarundika kuni juu yake, unauchoma mpaka upasuke, unaumwagia maji, kisha nyundo zinamaliza. Kina mama walileta kuni tangu alfajiri, lakini usiku kulikuwa kumenyesha, na kila kiberiti kilichowashwa kilitoa moshi tu. Watu walisimama na ndoo zao za maji. Wingu jingine lilikuwa linakuja kutoka upande wa Uganda.

Hakuna aliyemtazama Zephaniah. Aliiegemeza pikipiki kwenye jiwe, akapiga magoti, akauchomoa mpira wa mafuta chini ya tangi, na petroli ikaanza kuchuruzika kwenye debe. Aliiacha itoke mpaka tone la mwisho. Alitembea juu ya mwamba akiimwaga kwenye kuni, huku na huku, bila kuruka mahali, kisha akarudi nyuma na kumnyooshea Benedetta mkono.

Benedetta akampa kiberiti.